Volti za Wapi, Ampea za Wapi?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa ufundi umeme na walimu wao. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ukutani nimeiacha. Atakayeihitaji achore mwenyewe, ndivyo inavyokaa kichwani.

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, na nyinyi mafundi wazoefu mliojipanga viti vya nyuma kabisa, hamjambo?

Nianze na hesabu. Volti, yaani msukumo wa umeme, 230. Ampea, yaani mkondo unaopita, 10. Ukinzani, yaani kinachouzuia mkondo huo, ni ngapi?

Nimewasikia: omu 23. Na nguvu je? Wati 2,300. Safi kabisa. Gawa volti kwa ampea, unapata omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Anayejua kuzidisha na kugawanya hashindwi. Kama mambo yangekuwa yanaishia hapo, ningekaa chini sasa hivi na sote tungekwenda zetu.

Lakini sikuwaambia nilipimia wapi. Zile volti 230 nilizipima kwenye soketi ya ukutani. Zile ampea 10 zinapita kwenye hita iliyo mwisho wa ekstensheni ya mita 25, yenye nyaya za milimita mraba 1.5. Haya, niambieni tena: ukinzani wa hita ni ngapi?

Mmenyamaza. Ngoja tuhesabu pamoja.

Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 25 ina mita 50 za shaba ndani yake, kwa sababu mkondo huenda na kurudi. Hamsini mara 0.012 ni omu 0.6. Ampea 10 zikipita humo zinaacha njiani volti 6. Kwa hiyo hita haipati volti 230, inapata 224. Ukinzani wake ni omu 22.4. Nguvu yake ni wati 2,240. Na zile wati 60 zilizopungua? Zinaupasha moto waya uliolala sakafuni. Waya ukiwa umenyooshwa, joto hilo linatawanyika wala hulihisi. Ukiwa umezongwa kwenye kigurudumu chake, joto linajikusanya katikati, na hapo ndipo mpira wa waya unapoanza kulainika.

Jibu lenu la omu 23 halikuwa na kosa la hesabu. Ni ukinzani wa ekstensheni na hita kwa pamoja. Ila hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza: ukinzani wa nini?

Maswali niliyowaletea leo ni mawili tu, na nitayarudia mpaka mchoke. Volti za wapi? Ampea za wapi? Kabla hujagawanya, kabla hujazidisha, jiulize kwanza hayo.

Volti daima ni kati ya sehemu mbili. Hakuna volti za sehemu moja. Fundi akikwambia "hapa pana volti 12", muulize: kati ya hapa na wapi? Ampea nazo ni za kupita. Hazikai, zinapita mahali, na lazima uzipime pale zinapopita. Ndiyo maana mita ya volti inagusishwa pande mbili za kifaa bila kukata chochote, wakati mita ya ampea inakutaka ukate njia uiingize katikati, ili mkondo wote upite ndani yake. Isipokuwa ile mita ya koleo inayoubana waya kwa nje, lakini hata yenyewe bana waya mmoja. Ukibana wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja, itakusomea sifuri na wewe utasema umeme haupiti.

Na mkichanganya mambo haya mawili? Mita ikiwa kwenye ampea ina ukinzani mdogo sana, tuseme omu 0.01. Iguse kwenye ncha mbili za betri ya volti 12. Gawanya: 12 kwa 0.01 ni ampea 1,200. Betri haitazitoa zote, kwa sababu nitakayowaeleza sasa hivi, lakini itatoa za kutosha kuikata fyuzi ya mita. Na mita isiyo na fyuzi ya kweli inaweza kukupasukia mkononi.

Tumwendee sasa mwenye jina la kipimo chenyewe, omu.

Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, mtoto wa fundi wa kufuli. Alikuwa mwalimu wa shule mjini Köln alipoanza kujiuliza: nikirefusha waya, mkondo unapungua kwa kiasi gani? Swali linaonekana jepesi. Chukua betri, chukua nyaya za urefu tofauti, pima. Shida ilikuwa kwamba betri za wakati ule, zilizofuata mfano aliouonyesha Volta mwaka 1800, hazikutulia. Unapima waya wa kwanza, ukifika wa tatu betri imeshalegea. Namba zinapanda na kushuka, na hujui kama ni waya au ni betri.

Mnaona tatizo lake? Alikuwa anapima mkondo, lakini hakuwa na uhakika wa volti.

Mwenzake, Poggendorff, akamshauri aachane na betri. Miaka michache kabla, Seebeck alikuwa amegundua kwamba ukiunganisha metali mbili tofauti na kuweka kiungo kimoja kwenye joto na kingine kwenye baridi, umeme mdogo unapita. Basi mwaka 1826 Ohm akachukua bismuthi na shaba. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maji yanayochemka hayapandi joto zaidi ya pale, barafu inayoyeyuka nayo haibadiliki. Hivyo volti zikatulia tuli. Ndogo mno, ila tuli. Mkondo akaupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa kwenye utepe mwembamba: mkondo ukiipinda sindano, yeye anausokota utepe mpaka sindano irudi mahali pake, kisha anasoma amesokota kiasi gani.

Mimi humheshimu Ohm kwa hilo kuliko kwa kanuni yenyewe. Alitafuta kwanza kitu kisichoyumba, ndipo akapima.

Na kanuni aliyoipata siyo ile mnayoikariri. Mnakariri V ni sawa na I mara R, yaani volti ni mkondo mara ukinzani. Yeye aliandika kwamba mkondo ni namba fulani, ya chanzo, igawanywe kwa jumla ya vitu viwili: ukinzani wa waya unaoupima, na ukinzani mwingine usiobadilika, yaani wa kile kilichobaki kwenye saketi pamoja na chanzo chenyewe. Yaani tangu siku ya kwanza Ohm alijua kwamba chanzo cha umeme nacho kina ukinzani tumboni. Alikichapisha kitabu chake mwaka 1827, nyumbani hawakukithamini sana, na ni mwaka 1841 ndipo Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, ilipompa nishani ya Copley. Sisi tumechukua kanuni yake tukaifupisha, na katika kuifupisha tumekitupa kile cha pili. Matokeo yake ni mafundi wanaobadilisha starta za magari ilhali ugonjwa uko kwenye betri.

Hebu tuliangalie gari hilo. Betri imepumzika, mita inasoma volti 12.6. Unawasha. Starta inavuta ampea 150, na volti kwenye ncha za betri zinashuka hadi 9.6. Zimepotea volti 3. Zimepotelea wapi? Ndani ya betri. Gawanya 3 kwa 150: omu 0.02. Huo ndio ukinzani wa ndani, na umeupata bila kuipasua betri. Starta nayo, kwa wakati ule, ni 9.6 kwa 150, yaani omu 0.064. Nguvu inayoifikia ni 9.6 mara 150, wati 1,440.

Sasa betri hiyo imezeeka. Ukinzani wa ndani umepanda hadi omu 0.05. Ikiwa imepumzika, mita inasoma ngapi? Volti 12.6 zilezile! Fundi anasema betri nzima. Washa. Jumla ya ukinzani ni 0.05 na 0.064, yaani 0.114. Gawa 12.6 kwa 0.114, unapata ampea 110 na ushee. Volti zinazoifikia starta ni kama 7. Nguvu? Chini kidogo ya wati 800, karibu nusu ya mwanzo. Starta inagonga "tak" na kunyamaza. Nimerahisisha, kwa sababu starta ni mota, na mota ina mambo yake tutakayoyafikia. Lakini mmeona? Betri mbili, namba moja kwenye mita, na moja haifai. Volti za wapi? Na hapa ongezeni: volti za lini? Za betri iliyopumzika, au za betri iliyobebeshwa mzigo?

Kabla sijaondoka kwa Ohm, kuna mtu aliyemtangulia. Henry Cavendish, Mwingereza, mwaka 1781, hana betri wala mita. Alikuwa na chupa za kuhifadhia chaji na mirija ya kioo iliyojaa maji ya chumvi. Mita yake ilikuwa mwili wake. Alishika, akapigwa, akalinganisha: huu umenipiga zaidi, huu sawasawa na ule. Kwa njia hiyo aliufikia uhusiano uleule wa Ohm miaka zaidi ya arobaini mapema, akaufungia kabatini. Dunia iliujua mwaka 1879, mwanafizikia Maxwell alipochapisha daftari zake, na wakati huo Ohm alikwisha kufa miaka 25 nyuma.

Msimwige. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kushuka hadi karibu omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000: ampea 0.23. Kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kimetengenezwa kukata kwa ampea 0.03. Hesabu ni ileile ya darasani, ila hapa R ni wewe.

Nguvu sasa.

Kwa nini tunazidisha volti kwa ampea? Nauliza kwa sababu wengi mmeambiwa tu mzidishe. Volti moja ni jouli moja ya nishati kwa kila kulombi ya chaji. Ampea moja ni kulombi moja kwa sekunde. Zidisha jouli kwa kulombi na kulombi kwa sekunde. Kulombi zinafutana, unabaki na jouli kwa sekunde. Hiyo ndiyo wati. Hakuna la kukariri hapo.

Kisha unakuja mkanganyiko ambao sijaona darasa lisilokwama. V ni I mara R, kwa hiyo P, yaani nguvu, ni V mara I inaweza kuandikwa kwa njia mbili zaidi. Ya kwanza, P ni I mara I mara R. Ya pili, P ni V mara V, gawanya kwa R. Ziangalieni vizuri. Ya kwanza inasema ukinzani ukiongezeka, nguvu inaongezeka. Ya pili inasema ukinzani ukiongezeka, nguvu inapungua. Ipi kweli?

Nyosheni mikono. Wa kwanza? Wa pili? Na mliokataa kunyosha, mnaogopa nini?

Zote kweli, ila kila moja ina sharti lake. Ya kwanza inasema hivyo ikiwa mkondo ndio haubadiliki. Ya pili, ikiwa volti ndizo hazibadiliki. Tuchukue balbu mbili za uzi, za volti 240: moja ya wati 100, moja ya wati 60. Kwa V mara V gawanya kwa P, ya wati 100 ina omu 576, ya wati 60 ina omu 960. Zifunge sambamba, kila moja ipate volti 240 zake kamili. Ya wati 100, yenye ukinzani mdogo, inang'aa zaidi. Hakuna anayeshangaa.

Sasa zifunge kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kwenye volti 240 zilezile. Ipi itang'aa zaidi? Jumla ya ukinzani ni omu 1,536. Mkondo ni 240 kwa 1,536, ampea 0.156, na ni mmoja kwa balbu zote mbili. Zidisha mkondo kwa mkondo kwa ukinzani: ile ya "wati 60" inapata wati 23, ile ya "wati 100" inapata 14. Dhaifu imemshinda mwenye nguvu mchana kweupe! Na ukweli ni mkali zaidi ya hesabu yangu, maana balbu inayopata kidogo inapoa, uzi wake ukipoa ukinzani unashuka, ikishuka inapata kidogo zaidi. Utaiona imefifia kabisa. Kile kilichoandikwa kwenye balbu siyo nguvu yake. Ni nguvu yake ikipewa volti 240.

James Prescott Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, ndiye aliyeionyesha ile kanuni ya kwanza, ya I mara I mara R. Mnamo 1840 na 1841 aliweka koili ya waya ndani ya maji, akapitisha mkondo, akasoma kipimajoto. Mkondo ukiwa maradufu, joto halikuwa maradufu. Lilikuwa mara nne. Mkondo mara tatu, joto mara tisa. Shikeni hiyo mara nne, kwa sababu juu yake kimejengwa kila kitu mnachokiona kwenye nguzo za umeme.

Thomas Edison aliielewa. Watu wengi husema sifa yake ni uzi wa balbu usioungua haraka. Mimi nasema sifa yake kubwa ni hesabu. Waliomtangulia walitumia vijiti vya kaboni vyenye ukinzani wa omu 1 hadi 4. Hataza aliyopewa Januari 1880 inazungumzia uzi wa kaboni wenye omu 100 hadi 500. Kwa nini alihangaika kuupandisha ukinzani?

Chukueni balbu ya wati 100 ya kwetu ya mfano. Ikiwa na omu 1, inahitaji volti 10 na ampea 10. Ikiwa na omu 100, inahitaji volti 100 na ampea 1. Mwanga uleule, wati zilezile 100. Sasa tuiletee umeme kwa waya wenye omu 0.1. Balbu ya kwanza: ampea 10 mara 10 mara 0.1, wati 10 zinapotea njiani. Balbu ya pili: 1 mara 1 mara 0.1, sehemu moja ya kumi ya wati. Tofauti ya mara mia, kwa waya uleule! Ukitaka balbu ya kwanza ipoteze kidogo kama ya pili, nunua shaba mara mia. Mji gani ungeweza? Alipowasha kituo chake cha Pearl Street mjini New York mwaka 1882, kwa takriban volti 110, hesabu hiyo ilikuwa imeshamfanyia nusu ya kazi.

Nusu tu, kwa sababu volti 110 hazifiki mbali. Mwaka 1891 Wajerumani walisafirisha umeme kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, kwa volti 15,000, na sehemu kubwa ikafika. Pandisha volti, mkondo unashuka, na hasara inashuka kwa mraba wa mkondo. Edison aliyelijua hilo kwenye balbu alilikataa kwenye nyaya ndefu, akang'ang'ania umeme wake wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu. Hayo ni ya siku nyingine.

Turudi kwenye soketi, maana huko ndiko mtakakofanyia kazi.

Niliwahi kuitwa kuangalia soketi iliyoungua. Plagi imeyeyuka upande mmoja, ukuta mweusi. Mwenye nyumba analalamika: breka ni nzima, ya ampea 20, mbona haikukata? Kifaa chenyewe kilivuta ampea 10 tu. Kwa nini ikate? Mkondo haukuzidi hata kidogo. Skrubu moja ilikuwa imelegea, na pale panapogusana nusunusu pakazaliwa ukinzani, tuseme omu 0.5. Kumi mara kumi mara 0.5. Ngapi? Wati 50. Wati 50 ni kama pasi ya kulehemu, tena imefichwa ndani ya plastiki, inawaka saa nzima. Na kadiri panavyoungua, kutu na masizi vinaongeza ukinzani, joto linaongezeka, panaungua zaidi. Breka inahesabu ampea. Haina habari na wati 50 za kwenye kona.

Utaupimaje ukinzani huo? Mwanafunzi atakimbilia mita ya omu. Azime umeme, apime, aone 0.5 au 0.3. Lakini waya za mita ya kawaida zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, zigusishe zenyewe kwa zenyewe uone. Tena mita ya omu inapitisha mkondo mdogo sana, na kiungo kibovu mara nyingi kinajificha mpaka kibebe mzigo. Njia ya fundi ni nyingine: acha mkondo upite, pima volti pande mbili za kiungo hichohicho, upande huu wa skrubu na upande ule. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri. Ukisoma volti 5 wakati zinapita ampea 10, umekwisha kumkamata. Volti za wapi? Za kiungo. Ampea za wapi? Zinazopita humohumo. Hapo sasa gawanya, na jibu lako litakuwa la kweli. Kwa umeme wa nyumbani, kipimo hicho ni cha aliyefundishwa kufanya kazi penye umeme, akiwa na vifaa vyake na mtu pembeni. Nyinyi mlio mwaka wa kwanza fanyeni kwenye volti 12.

Kitu kingine kinachowasumbua: ile balbu ya wati 60, tumesema ina omu 960. Ichomoe, iache ipoe, ipime. Utasoma kama omu 70. Mita mbovu? Hapana. Uzi wa tangisteni unafanya kazi kwenye nyuzijoto zaidi ya 2,000, na kwenye joto hilo ukinzani wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi. Omu 960 ni za balbu inayowaka, omu 70 ni za balbu iliyolala. Ndiyo maana balbu hizi hupenda kufa zinapowashwa: kwa kitambo kidogo sana zinavuta zaidi ya ampea 3 badala ya robo ampea. Rezista ndogo nayo ina mipaka yake. Omu 100 kwenye volti 9 ni wati 0.81, na ile nyembamba ya robo wati itatoa moshi. Omu umezihesabu sawa, wati hukuziuliza.

Nimalizie na mota, kwa sababu niliwaahidi.

Mota ndogo ya volti 12, mkondo mnyoofu. Imesimama, unapima nyaya zake: omu 2. Unaiwasha, inazunguka bila mzigo mkubwa, mita ya ampea inasoma 1. Haya, nguvu ni ngapi? Kanuni tatu mnazo.

V mara I: 12 mara 1, wati 12. I mara I mara R: 1 mara 1 mara 2, wati 2. V mara V gawanya kwa R: 144 kwa 2, wati 72.

Kanuni tatu, majibu matatu. Mota ni ileile, mita ni zilezile. Nani kasema uongo?

Mota inapozunguka inageuka jenereta kwa wakati huohuo. Inazalisha volti zinazokwenda kinyume na zile unazoipa, hapa volti 10. Kwa hiyo zinazobaki kuusukuma mkondo kwenye nyaya zake ni 2 tu: 2 kwa omu 2, ampea 1. Wati 12 ndizo zinazoingia, na hilo ni kweli daima, kwa mota, kwa balbu, kwa betri inayochajiwa. Wati 2 ndizo joto la nyaya. Wati 10 ndizo zinazozungusha na kushinda msuguano. Na zile 72? Hizo ni za mota iliyozuiwa isizunguke. Ikizuiwa, hakuna volti za kinyume, ampea zinaruka hadi 6, na wati zote 72 zinageuka joto ndani ya nyaya zilizotengenezwa kubeba mbili. Mota iliyokwama haichukui dakika nyingi kuungua, nanyi sasa mnaweza kuonyesha kwa namba.

Kwa mkondo geu, ule wa soketi unaogeuka huku na huku, ongezeni jambo moja: volti na ampea zinaweza kupishana kwa wakati, na hapo V mara I haitoshi, unazidisha na namba moja zaidi iliyo kati ya 0 na 1. Kwa hita na balbu za uzi ni 1, msihangaike. Kwa mota ni pungufu. Mwalimu wenu atawaingiza huko muhula ujao.

Mezani kuna mota sita, betri za volti 12 na mita mbili kwa kila kundi. Pimeni omu mota ikiwa imesimama, kisha volti na ampea ikizunguka huru, kisha ikiwa mmeikaba ekseli kidogo kwa kitambaa. Msiizuie kabisa zaidi ya sekunde mbili. Kila namba mtakayoandika, andikeni pembeni yake mmeipima kati ya wapi na wapi. Maswali nitayachukua nikipita kwenye meza.